Tumpime Ng'ombe Aliyezaa Kabla ya Kumdunga Sindano

Katika mitaa ya Musoma, pembezoni mwa mji wa Bunda na katika vijiji vya Butiama, ng'ombe wa maziwa alishwaye bandani amekwisha kuwa mwenzetu wa kila siku. Mara nyingi ni mmoja tu, au wawili kwa mwenye kujaliwa. Ni chotara wa Friesian au Ayrshire na ng'ombe wetu wa asili, na aghalabu mwenyewe alimpata kwa jasho, kwa mkopo, au kwa kupewa mtamba na kikundi kwa sharti la kulipa ndama jike. Maziwa yake ndiyo uji wa watoto, ndiyo daftari na sare ya shule, ndiyo nauli ya kwenda hospitali. Ng'ombe huyo akiugua, kinachoyumba si banda peke yake, bali ni nyumba nzima.

Tena hakuna wakati ambapo ng'ombe huyo yumo hatarini zaidi kuliko majuma machache yanayofuata baada ya kuzaa. Wafugaji wengi wanalijua jambo hilo kwa kuliona kwa macho, ingawa si wote wanaoijua sababu yake. Ng'ombe anazaa salama, kondo la nyuma linatoka, ndama ananyonya dang'a vizuri, na maziwa yanapanda siku hadi siku. Halafu, katika juma la kwanza, la pili au la tatu, anaanza kuiacha pumba. Majani anayatafuna kidogo, lakini pumba na mashudu ambayo juzi aliyakimbilia anayanusa tu na kugeuza uso. Maziwa yanapungua. Mifupa ya nyonga inachomoza. Kinyesi kinakuwa kigumu na kikavu. Homa hana.

Hapo ndipo ubahatishaji unapoanza. Jirani wa kwanza atasema ni ndigana, wa pili atasema ni minyoo, wa tatu atasema ng'ombe ametupiwa jicho. Sindano ya antibiotiki itachomwa leo, nyingine kesho kutwa, na dawa ya minyoo itanyweshwa juu yake. Fedha zitatoka, maziwa yenye dawa yatamwagwa au, vibaya zaidi, yatauzwa kwa watu, na ng'ombe atazidi kukonda. Mwisho mchinjaji ataitwa, na siku hiyo bei huipanga yeye.

Maoni yetu ni haya: ng'ombe wa maziwa aliyezaa apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kipimo chenyewe kipo, ni chepesi, hakihitaji maabara kubwa, na kinaweza kufanyika papo hapo bandani. Jambo linalokosekana ni mazoea ya kukitumia.

UGONJWA WA HESABU

Ugonjwa tunaouzungumzia huitwa ketosisi. Si ugonjwa wa kuambukiza. Hauletwi na kupe wala mbung'o wala kijidudu chochote. Twaweza kusema kwamba ni ugonjwa wa hesabu: matumizi ya mwili yamezidi mapato yake.

Maziwa yana sukari yake ya asili. Ili kuitengeneza sukari hiyo, kiwele huchota kutoka katika damu glukosi ipatayo gramu 70 hivi kwa kila lita moja ya maziwa. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku anahitaji basi gramu 700 kwa ajili ya maziwa tu, mbali na mahitaji mengine ya mwili wake. Na ng'ombe si kama binadamu, ambaye akila ugali huupata wanga wake ukiwa sukari ndani ya damu. Karibu kila alacho ng'ombe huchachushwa kwanza na vijidudu vilivyomo katika tumbo lake kubwa na kugeuzwa kuwa asidi za namna mbalimbali. Ini ndilo lenye kazi ya kuichukua mojawapo ya asidi hizo na kuitengeneza glukosi upya. Kwa maneno mengine, ng'ombe hali sukari. Huifua mwenyewe, mchana na usiku, kutokana na chakula alichopewa.

Sasa, baada ya kuzaa, maziwa hupanda haraka kuliko hamu ya kula. Ng'ombe hudaiwa leo chakula ambacho atakuwa na uwezo wa kukila mwezi ujao. Katika deni hilo hana njia ila kukopa kutoka mwilini mwake, yaani kuyeyusha mafuta aliyoyaweka akiba. Mkopo mdogo hauna madhara, na kila ng'ombe wa maziwa huuchukua. Lakini mkopo ukiwa mkubwa, mafuta humiminika kwenye ini kuliko ini liwezavyo kuyamudu. Ndipo hutokea vitu viitwavyo ketoni, vikajaa katika damu, katika mkojo, katika maziwa na hata katika pumzi. Ketoni zikizidi hupunguza hamu ya kula, na ng'ombe asipokula deni huongezeka. Huo ndio mzunguko unaomwangusha.

Baadhi ya wafugaji huitambua ketosisi kwa harufu. Pumzi ya ng'ombe, au maziwa yake, hutoa harufu tamu kama ya matunda yaliyopitiliza kuiva, au kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Dalili hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, kwani si pua zote za watu ziwezazo kuisikia. Wapo pia ng'ombe wachache ambao ugonjwa huwapanda kichwani: hulamba ukuta, hutafuna mbao, huyumba, hata huwa wakali. Hapa tunatoa onyo. Ng'ombe mwenye dalili za namna hiyo anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa. Mtu yeyote asimtie mkono mdomoni, na mtaalamu wa mifugo aitwe mara moja.

Wazee wetu walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, na kwa ng'ombe wa asili msemo huo umetimia. Zebu wa Mara, anayetoa lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya, hana deni kubwa la sukari na ni nadra kupatwa na ketosisi. Hatusemi basi kwamba kila ng'ombe aliyezaa katika mkoa huu achomwe mkia na kupimwa damu. Tunasema juu ya chotara na ng'ombe wa kigeni ambao tumewataka watoe lita nane, kumi, kumi na tano au zaidi. Ng'ombe hazidiwi na nundu aliyozaliwa nayo, lakini aweza kuzidiwa na maziwa tuliyomtwisha sisi.

HATARI ISIYOONEKANA

Ng'ombe mwenye dalili za wazi ni sehemu tu ya tatizo. Wengi huwa na ketoni nyingi mwilini bila kuonyesha dalili yoyote, isipokuwa maziwa ambayo hayafiki kiwango yalichostahili kufika. Mfugaji hujiambia kwamba ng'ombe wake ndivyo alivyo, kumbe anapoteza lita moja au mbili kila siku bila kujua.

Jambo hili limechunguzwa sana katika nchi nyingine. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika mashamba manne ya majimbo ya New York na Wisconsin, huko Marekani, ambako ng'ombe 1,717 walipimwa damu mara kadhaa katika majuma mawili ya mwanzo baada ya kuzaa. Karibu asilimia 43 walionekana, angalau mara moja, kuwa na ketoni nyingi bila ugonjwa wa wazi, na siku waliyogunduliwa wengi zaidi ilikuwa ya 5. Waliopatwa mapema, katika juma la kwanza, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya tumbo la nne kuhama mahali pake, walitoa maziwa machache zaidi, na wengi zaidi wao waliondolewa kundini.

Hatuna sababu ya kuzichukua hesabu za Marekani na kuzipachika Bunda. Ng'ombe wao hutoa maziwa mara nyingi zaidi ya wetu, na hulishwa kwa mizani. Lakini hatuna sababu pia ya kujifariji. Deni hutokana na tofauti baina ya kinachotoka na kinachoingia. Ng'ombe wa lita 40 anayelishwa vizuri aweza kuwa na deni dogo kuliko ng'ombe wa lita 10 anayelishwa mabua makavu.

Tuutazame mwaka wetu ulivyo. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na katikati yake upo ukame wa Juni hadi Septemba. Ng'ombe aliyepandishwa kati ya Oktoba na Desemba, majani yakiwa mengi na mwili wake ukiwa na afya, atazaa miezi tisa na siku chache baadaye, yaani Julai, Agosti au Septemba, wakati matete yamekauka na mabua ya mahindi na mtama ndiyo yaliyobaki. Anaanza kukamuliwa katika njaa. Ketosisi ya kwetu basi ina mlango wake wa pili: mlango wa kwanza ni wingi wa maziwa, na wa pili ni uchache wa chakula. Ng'ombe wetu wengi huingilia milango yote miwili kwa pamoja.

JINSI YA KUPIMA

Njia za kupima ziko tatu, na kila moja ina nguvu na upungufu wake.

Ya kwanza ni damu. Tone moja la damu kutoka katika mshipa wa mkia huwekwa kwenye kipande kidogo kilichochomekwa katika mashine ya mkononi. Mashine hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye kisukari, na tangu mwaka 2009 uchunguzi uliochapishwa umeonyesha kwamba zinafaa pia kwa ng'ombe. Jibu hutoka katika muda wa sekunde chache. Likiwa chini ya milimoli 1.2 kwa lita, ng'ombe hana tatizo hilo. Kuanzia 1.2 ketosisi imeanza hata kama haionekani, na kuanzia 3.0 mara nyingi ng'ombe huwa tayari mgonjwa wa wazi. Lakini mnunuzi aangalie sana. Mashine ya kawaida ya kupimia sukari haipimi ketoni, na hata mashine inayopima vyote viwili huhitaji vipande maalumu vya ketoni.

Ya pili ni mkojo. Vipande vya kupimia mkojo, vya aina itumikayo katika zahanati za watu, mara nyingi huwa na sehemu ya ketoni ambayo hugeuka rangi kuelekea zambarau. Ng'ombe husisimuliwa akojoe kwa kumpapasa polepole chini ya uke, kipande kikachovywa, na rangi ikasomwa baada ya sekunde zilizoandikwa kwenye chupa, bila kupunguza wala kuongeza. Mkojo hukusanya ketoni nyingi kuliko damu, kwa hiyo kipimo hiki mara nyingine humtuhumu ng'ombe asiye na kosa. Kikisema hapana, tuna haki ya kukiamini kwa kiasi kikubwa. Kikisema ndiyo kwa rangi hafifu, tuthibitishe kwa damu au tumpime tena kesho yake. Chupa ya vipande hivyo ifungwe vizuri, kwani unyevu huviharibu.

Ya tatu ni maziwa. Ipo dawa ya unga iitwayo Rothera, kwa jina la mtaalamu aliyeieleza mwaka 1908, ambayo ikidondoshewa maziwa au mkojo wenye ketoni hugeuka zambarau. Ni njia ya zamani, rahisi, na haina mashine ya kuharibika. Upungufu wake ni kwamba maziwa huwa na ketoni chache kuliko damu, kwa hiyo ng'ombe ambaye ugonjwa unamwanza aweza kupita bila kugunduliwa. Maziwa yakigeuza dawa rangi kwa nguvu, basi shaka imekwisha.

Lini tupime? Ushauri wetu ni mara mbili: mara ya kwanza kati ya siku ya 3 na ya 7 baada ya kuzaa, na mara ya pili juma moja baadaye. Zaidi ya hapo, ng'ombe yeyote anayeiacha pumba kabla ya kutimiza majuma sita apimwe siku hiyo hiyo. Mfugaji anayeandika ukutani tarehe ya kupandisha anaweza kuikadiria siku ya kuzaa, na hivyo kumjulisha mtaalamu mapema.

Tunasisitiza kwamba kipimo cha ketoni hakichukui nafasi ya kumchunguza ng'ombe mzima. Kipimajoto kitangulie. Joto la kawaida la ng'ombe ni kati ya nyuzi 38 na 39.3 hivi. Likiwa juu ya hapo, ndigana kali, ndigana baridi, ugonjwa wa kiwele au uchafu katika kizazi ndivyo vya kutazamwa kwanza, na katika mkoa wenye kupe wengi kama wetu anayeihofia ndigana ana haki ya kuihofia. Aidha, ketosisi aghalabu hufuata nyuma ya ugonjwa mwingine. Ng'ombe aliyemeza msumari au kipande cha waya, kama inavyotokea mijini, huacha kula kwa maumivu, na kwa kuacha kula hupata ketosisi. Ukimtibu ketosisi pekee utakuwa umefuta moshi na kuuacha moto.

TIBA YA KWELI NA TIBA YA KUJIDANGANYA

Tiba inayotumika zaidi duniani kwa ng'ombe mwenye ketoni nyingi ni kumnywesha propilini glaikoli, kimiminika ambacho ini hukigeuza kuwa glukosi. Kwa ng'ombe wakubwa wa kigeni kipimo cha kawaida ni mililita 300 mara moja kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Chotara wetu ni wadogo zaidi, kwa hiyo mtaalamu ndiye wa kukadiria. Anyweshwe polepole bila kuinuliwa kichwa juu mno, maana dawa ikiingia katika mapafu yaweza kumwua. Tena mtu asije akaichanganya na ethilini glaikoli, maji yatiwayo katika rejeta za magari. Hiyo ni sumu, na kufanana kwa majina kusimdanganye mfugaji.

Ng'ombe aliyezidiwa huhitaji glukosi ndani ya mshipa, na kazi hiyo ni ya mtaalamu peke yake. Kwa kawaida hutiwa mililita 500 za glukosi ya asilimia 50, yaani gramu 250. Hapa tuifanye hesabu, kwani ina fundisho. Chupa ya hospitali ya ujazo huo huo yenye glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 tu, ambazo hazitoshi hata kwa nusu lita ya maziwa. Anayemtundikia ng'ombe chupa hiyo na kuhesabu kwamba amemtibu ketosisi amejidanganya. Na hata zile gramu 250 hutosha kwa lita tatu na nusu hivi. Ndiyo sababu ng'ombe huinuka baada ya sindano, akala siku moja au mbili, kisha akaanguka tena. Sindano humpa nafasi ya kuanza kula, na kinachomponya ni chakula.

Lipo pia jambo la kumnywesha ng'ombe soda au maji ya sukari. Nia ni njema, lakini sukari hiyo huishia katika tumbo kubwa, ambako vijidudu huichachusha kabla haijaifikia damu. Fedha ya soda afadhali ingenunua pumba.

Kuhusu antibiotiki, tunasema wazi kwamba haitibu ketosisi. Inapochomwa bila sababu huleta hasara tatu: fedha za mfugaji, maziwa ambayo hayafai kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zitimie, na usugu wa vijidudu ambao kesho utamnyima mtu au mnyama mwingine tiba. Kipimo kimoja cha ketoni pamoja na kipimajoto vingeliweza kuziepusha sindano nyingi za namna hiyo.

MAANDALIZI NI KABLA YA KUZAA

Anayesubiri mpaka ng'ombe azae ndipo aanze kufikiri juu ya chakula amekwisha kuchelewa. Ng'ombe mwenye mimba akaushwe maziwa yapata siku 60 kabla ya kuzaa, ili kiwele kipumzike na mwili ujijenge. Asikondeshwe, na asinenepeshwe mpaka mafuta yakajaa kwenye shina la mkia, kwa sababu ng'ombe mnene hula kidogo baada ya kuzaa na huyeyusha mafuta mengi kuliko mwenzake wa wastani. Katika majuma mawili au matatu ya mwisho aanze kuonjeshwa pumba na mashudu kidogo kidogo, ili vijidudu vya tumboni mwake vizoee chakula atakachokula akikamuliwa.

Baada ya kuzaa, chakula cha ziada kipandishwe hatua kwa hatua kufuata maziwa. Kadirio linalotumiwa sana na mabwana na mabibi mifugo wetu ni kilo moja kwa kila lita mbili hadi tatu. Majani yawe machanga, kwani matete yaliyokatwa yakiwa na urefu wa meta moja hivi yana faida kuliko yaliyoachwa mpaka yakafanana na miwa. Maji yawepo wakati wote. Inashangaza kwamba ng'ombe huona kiu umbali wa hatua chache kutoka Ziwa Viktoria, kwa sababu tu ndoo yake hujazwa asubuhi na jioni.

Mkoa wetu haukunyimwa chakula cha mifugo. Bunda ni nchi ya pamba, na penye pamba pana mashudu. Marando ya viazi vitamu hubaki mashambani baada ya mavuno. Matete yanayozidi wakati wa mvua yaweza kukatwakatwa, kushindiliwa ndani ya shimo au mifuko ya plastiki na kuwa sileji ya kumvusha ng'ombe mwezi wa Agosti, mradi hewa isiingie, kwa maana sileji iliyoharibika yaweza yenyewe kuleta ketosisi. Kinachotakiwa ni kuihesabu siku ya kuzaa pamoja na siku ya kukata majani.

WAJIBU WETU SOTE

Katika mashamba makubwa ya ng'ambo, mtaalamu hupima ng'ombe 12 au zaidi waliozaa karibuni. Wakizidi asilimia 10 wenye ketoni nyingi bila dalili, hujua kwamba kosa limo katika ulishaji wa shamba zima. Mfugaji wa Nyasho au wa Butiama hana ng'ombe 12, ana mmoja. Lakini kata yake inao. Kwa nini basi tusiihesabu kata kuwa ndilo kundi? Bwana Mifugo mwenye daftari moja, ndani yake tarehe ya kuzaa ya kila ng'ombe wa maziwa, majibu ya kipimo na chakula anachopewa, ataweza kuona katika msimu mmoja kwamba waliozaa wakati wa kiangazi ndio wanaoanguka, au kwamba mtaa fulani unaolisha mabua matupu ndio wenye wagonjwa. Habari ambayo mfugaji mmoja hawezi kuipata, wafugaji ishirini wanaweza.

Tunazitolea wito halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zihakikishe kwamba mkoba wa kila mtaalamu wa mifugo wa kata una kipimajoto na kipimo cha ketoni cha aina mojawapo. Vikundi na vyama vya wafugaji, ambavyo tayari hukusanya maziwa pamoja, vyaweza kununua mashine moja na kuchangia vipande, kwani kipande hugharimu sehemu ndogo tu ya thamani ya ng'ombe. Butiama kwenyewe kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, chenye jina la mtu aliyestaafu urais mwaka 1985 akarudi kijijini kwake kulima. Tungependa kuona daftari za kata zikipelekwa chuoni hapo zisomwe, na majibu yakirudi kwa wenye ng'ombe kwa lugha wanayoielewa.

Historia nayo ina la kutufundisha. Katika miaka ya 1970 mkoa huu ulikuwa na viwanda vya maziwa vya shirika la umma, Musoma na Utegi. Viwanda vya shirika hilo nchini vilitegemea mno maziwa ya unga na mafuta ya siagi kutoka nje, kwa kuwa maziwa ya wafugaji hayakutosha. Mitambo haikamuliwi. Kiwanda chochote, cha jana au cha kesho, huanzia kwa ng'ombe aliyesimama bandani akiwa na hamu ya kula.

Na leo, wakati mbegu bora za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River zinaendelea kuwafanya ng'ombe wetu wawe na uwezo wa kutoa maziwa mengi zaidi, jambo hili linazidi kuwa la lazima. Kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya lita 20 na kumlisha chakula cha lita tano ni kumwandikia ugonjwa kabla hajazaa.

Ndugu mfugaji, anayekamua ndiye mpimaji wa kwanza. Ukiona ameiacha pumba na maziwa yameshuka, usikimbilie sindano. Chukua kipimajoto, mwite Bwana Mifugo au Bibi Mifugo, na umtake apime ketoni mbele yako. Nawe Bwana Mifugo, usiende kwa ng'ombe aliyezaa ukiwa na bomba la sindano pekee. Kupima si kumchelewesha mgonjwa. Anayemchelewesha ni yule anayetumia majuma mawili kutibu ugonjwa ambao ng'ombe hana.